Dawa ya Nguruwe kwenye Uji wa Mwanangu

Siku Baba Festo aliponipa unga wa njano uliofungwa kwenye kipande cha gazeti na kuniambia, "Mama Imelda, mchanganyie mtoto kidogo kwenye uji, dawa ni dawa," ndiyo siku niliyoacha kazi. Sikuacha kwa barua, niliacha kwa ndoo. Nilikuwa nimebeba machicha ya pombe ya kuwapelekea majike wanaonyonyesha, na kabla sijajua mikono yangu inafanya nini, machicha yote yalikuwa juu ya viatu vyake vya kwendea kanisani.

"We binti, una wazimu?" alipiga kelele huku akirukaruka.

"Ninao," nikamjibu. "Nimeupata hapahapa kwako."

Jike mmoja akapenyeza pua kwenye nafasi ya mbao akaanza kulamba kiatu cha bosi. Bosi akamtazama nguruwe, akanitazama mimi, akakosa wa kuanza naye. Nikavua buti, nikaziacha palepale, nikatembea hadi nyumbani pekupeku.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaomaliza kidato cha nne na kusikia kwamba kwa fulani kuna kazi ya nguruwe. Nendeni. Ni kazi nzuri kuliko inavyosemwa na watu wanaomla nguruwe kwa ndizi na pilipili kila Ijumaa. Mimi niliingia nikiwa bado na sketi ya shule, nikaolewa nikiwa humohumo, nikabeba mimba nikiwa humohumo, na sasa nimestaafu kabla ya mvi ya kwanza. Mnaweza kucheka. Nimestaafu nguruwe wa watu. Wangu ninao, na nikimaliza kuandika haya naenda kuwamwagia chakula.

Banda la Baba Festo, mwajiri wangu, lilikuwa kwenye mteremko chini ya milima ya Matogoro. Vyumba vilipangwa kushuka kama ngazi. Aliyenifundisha kazi alikuwa Babu Haule, mzee mwembamba aliyekuwa akilisha nguruwe pale tangu banda lilipokuwa la matete. Yeye ndiye aliyenipa kila kitu kizuri ninachokijua kuhusu mnyama huyu, na kitu kimoja kibaya ambacho sote tulikiona kizuri.

Vizuri kwanza.

Siku zangu za mwanzo niliambiwa nimhamishe jike mkubwa. Nikamfunga kamba shingoni, nikavuta kama navuta mbuzi. Yule jike akanivuta mimi. Alinipitisha kwenye mfereji, kwenye matuta ya viazi, mpaka mlangoni kwa jirani yetu, mama mmoja Mwislamu, mstaarabu kabisa, aliyekuwa anapepeta mchele.

"Astaghfirullah! Binti, mtoe huyo kwa amani. Mimi simgusi, na wewe naona humuwezi."

Babu Haule akaja polepole na ndoo tupu. Akamvisha jike ndoo kichwani. Nguruwe akivishwa ndoo anarudi kinyumenyume, anadhani anaitoka ndoo. Babu akamshika mkia, akawa anamwongoza kwa mkia kama mtu anayerudisha toroli, mpaka bandani. Yule mama akacheka hadi akaweka ungo chini. "Kumbe ana usukani nyuma!"

Kwa hiyo shikeni hilo: nguruwe havutwi.

La pili, asubuhi msiingie na kelele za ndoo. Simama mlangoni kwanza, nyamaza, sikiliza. Nguruwe mzima akijua umefika anakutukana kwa njaa. Aliye kimya ndiye wa kumtazama. La tatu, ukimpa chumba kipya, lowesha kona moja kwa maji na uweke kinyesi chake kidogo. Ataelewa choo ni pale, na mahali pengine atalala pakavu. Watu wanasema nguruwe mchafu. Nguruwe ana choo kimoja. Kuna wapangaji wa mtaa wa Mjimwema hawajafika hapo. Na watoto wa nguruwe waliozaliwa kwenye sakafu ya saruji wapeni udongo mwekundu msafi, wanapata damu. Wanaula kama nyie mnavyokula biskuti.

Sasa unga wa njano.

Unga uliingia bandani pamoja na baridi. Mnaijua Songea mwezi wa sita na wa saba, ile baridi inayoshuka toka mlimani na ukungu wake, unaosha mikono na hujui kama vidole vipo. Watoto wa nguruwe wakaanza kukohoa. Baba Festo akaenda duka la dawa za mifugo, akapewa unga wa kuchanganya kwenye chakula. Wakapona. Hadi hapo sina neno, mgonjwa anatibiwa. Tatizo ni kwamba baridi iliisha na unga haukuisha.

"Ni kinga," alisema Baba Festo. "Halafu unaona wanavyonenepa?"

Basi kila tulipochanganya pumba, mashudu na dagaa, unga ukawa unatiwa kama chumvi kwenye mboga. Mzima anakula dawa, mgonjwa anakula dawa, mwenye mimba anakula dawa, kila siku ya Mungu. Nami nilichanganya kwa mikono hii, kwa sababu hakuna aliyesema kuna ubaya, na mkono ukitoka pale unakuwa wa njano kama wa mtu aliyemenya manjano.

Kisha wakaja masista fulani wenye hosteli. Wao walitaka nguruwe asiyepewa dawa kabisa, aliyelishwa pumba, maboga, matembele na machicha. Baba Festo akawaza, akatenga vyumba vya chini. Kuanzia pale banda likawa na mataifa mawili: wa juu, wa dawa, na wa chini, wa asili. Sifa zikaenea mjini. Ukikaa mahali pa kitimoto unasikia mtu anamuuliza mchomaji, "Huyu ni wa juu au wa chini?" Na mchomaji, hata kama nguruwe katoka Namtumbo, anajibu bila kupepesa, "Wa chini, mlongo wangu."

Sasa lile jambo baya tuliloliona zuri. Wa juu walikuwa wanabakiza chakula. Babu Haule hakuweza kuona chakula kikitupwa. Ni mtu aliyekua enzi za shida, akiangusha punje ya mahindi anainama kuiokota hata kama mgongo unamuuma. "Chakula kina macho," alikuwa anatuambia, "kinakuona unavyokitupa." Kwa hiyo kila jioni tulikomba mahori ya juu, tukatia kwenye ndoo, tukashuka kuwamwagia wa chini. Tulijiona watu wa maana. Na usafi tulianzia juu, tukiteremsha maji kwa fagio, yakipita chumba kwa chumba hadi bondeni. Chepe lilikuwa moja, na buti zilezile zilipanda na kushuka.

Mmeshaelewa, najua. Sisi hatukuelewa.

Siku moja afisa mifugo wa kata akaja na binti wa chuo aliyekuwa anafanya utafiti. Binti alikuwa na vijiti vyembamba vyenye pamba nchani. Alitaka kuwapangusa nguruwe puani, wa juu na wa chini, kisha sisi wahudumu, wanaotaka. Alituambia anatafuta vidudu vinavyoishi puani na kama bado vinasikia dawa. Kumshika nguruwe umpanguse pua, hiyo ni kazi ya kuandikiwa kitabu chake. Afisa mifugo alikaa chini mara mbili bila kupenda. Ilipofika zamu yetu mimi nikainua uso, nikapiga chafya, tukamaliza. Babu Haule akagoma kwanza.

"Pua yangu inanusa nguruwe tangu vijiji vya ujamaa. Unaitafutia nini?"

"Shikamoo babu," binti akasema tena, ingawa alishamwamkia. "Naitafutia sifa. Wewe ndiye mkubwa hapa."

Akampa pua. Yule binti alijua kazi.

Baadaye akawa anaandika, anauliza maswali madogomadogo.

"Hawa wa chini hawajawahi kupewa dawa, babu?"

"Hata punje. Hawa ni wa masista."

"Na mabaki ya chakula cha juu, mnapeleka wapi?"

Babu Haule akajivuna, akapandisha suruali. "Hapa hakitupwi kitu, mjukuu wangu. Vyote vinashuka chini."

Binti akaacha kuandika. Akatazama vyumba vya juu, akatazama mteremko, akatazama ndoo mkononi mwa babu. Alisema atarudi na majibu.

Kabla hajarudi, mwanangu Imelda akaota jipu pajani. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, akawa anatembea kwa kuchechemea kama mlevi. Zahanati wakatupa dawa. Nilimpa yote, kwa saa, hadi ya mwisho. Mimi si mama wa kuacha dozi katikati. Jipu likabaki, na la pili likaota pembeni yake. Nikampeleka hospitali kubwa. Wakayapasua, wakachukua usaha, wakasema wanakwenda kukiotesha kidudu kilichomo wakijaribie dawa mbalimbali.

Majibu yalipotoka daktari akaniita. "Mama, kidudu hiki hakisikii dawa aliyopewa mtoto. Wala dawa za ukoo ule wote." Akaandika jina la ukoo kwenye karatasi. Nikalisoma. Nilikuwa nalisoma kila siku kwenye mfuko wa unga wa njano.

"Nalisha nguruwe wa watu," nikamwambia. "Hii wanakula kila siku."

Hakushtuka wala hakunigombeza. "Siwezi kuapa kwamba kimetoka huko," alisema. "Vidudu sugu vipo hata mtaani, watu wanameza dawa mbili wakipata nafuu wanaacha. Lakini buti zako zisiingie ndani. Na ukitoka kazini, oga kabla ya kumbeba."

Akanieleza, nami nawaeleza kwa lugha ya shamba. Dawa kidogokidogo kila siku ni kama kupalilia mahindi kwa kukwangua juu. Magugu malegevu yanakufa. Ndago inabaki, inapata nafasi, na msimu unaofuata shamba lote ni ndago. Wala ndago haisomi mpaka wa shamba. Inahamia kwa jirani.

Imelda akaanza sindano za dawa nyingine. Mimi ndiye niliyemshika. Alinitazama kama mtu aliyemsaliti. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, na ndilo ninaloliwaza hadi leo: kama na hii ikigoma?

Haikugoma. Majipu yakakauka. Lakini hasira yangu ilishaota mizizi.

Binti wa chuo akarudi kama alivyoahidi. Akatukusanya pale mbele ya stoo ya pumba, Baba Festo naye akiwepo. Alisema kwa wa juu vidudu vingi havisikii ile dawa. Kwa wa chini, wasioonja dawa, vidudu sugu ni vichache zaidi, lakini vipo. Majibu ya pua zetu alitupa kila mtu pembeni kwa siri. Yangu ilikuwa navyo. Ya Babu Haule haikuwa navyo, na siri hiyo haikuvuka saa moja, maana alitembea banda zima akitangaza kwamba pua yake imefaulu.

Baba Festo alikuwa amefurahi kwa sababu nyingine. "Basi si ndiyo hayo! Kama wa chini nao wanavyo, hakuna tofauti. Kuna haja gani ya kuwanyima dawa? Tuwape wote."

"Tofauti ipo, mzee," binti akasema. "Wa chini wenye vidudu hivyo ni wachache. Na hao wachache, nadhani, wameletewa. Kwa maji, kwa chepe, kwa mabaki."

Nilimtazama Babu Haule. Ile furaha ya pua ilikuwa imemtoka yote. "Kumbe ile ndoo yangu," alisema taratibu, "nilikuwa nabeba ugonjwa nikidhani nabeba baraka." Hakuna aliyemlaumu. Kesho yake alichimba shimo, akamwaga mabaki ya juu, akavua kofia na kusimama pale kama yupo mazikoni.

Nikamfuata Baba Festo kwa heshima. Nilimpa shikamoo, nikamweleza habari za mwanangu tangu mwanzo. Alisikitika kweli. Si mtu mbaya, alinichangia mchele nilipojifungua. "Mfuko huu ukiisha, basi," akaniahidi. Mfuko ukaisha. Ukaja mwingine. Nikamkumbusha. "Huu ndio wa mwisho." Ukaja mwingine. Masista wakaja kuchukua nguruwe wao wa asili, akawapa kwa tabasamu, hakuwaambia lolote. Maji ya juu yaliendelea kushuka chini.

Halafu siku ile, anatoka misa ya asubuhi, amevaa viatu vyake, akanikuta na ndoo. "Nasikia mtoto ana kipele kingine," akasema, akanipa kile kigazeti. Alinipa kwa upendo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Baada ya maneno yote yale, yaliyosemwa na binti wa chuo, na daktari, na mimi mwenyewe, alikuwa bado anaamini kwamba kinachokosekana mwilini mwa mwanangu ni dawa ya nguruwe. Mengine nimeshawaambia. (Kipele kilikuwa cha mbu.)

Leo nina majike wawili na dume wa kuazima, uwanja tambarare, nyuma ya nyumba yetu njia ya Mpitimbi. Baba Imelda ndiye aliyechimba mfereji. Babu Haule anakuja kukosoa, analipwa kwa chai na kusifiwa pua. Wasipougua hawapewi dawa. Akiugua mmoja namtenga, namwita mtaalamu, anapewa dozi kamili, nampaka rangi mgongoni ili asije akauzwa kabla dawa haijamtoka mwilini. Naanza usafi kwa watoto, namalizia kwa wakubwa, mgonjwa wa mwisho kabisa. Buti zinabaki kwenye mti wa nje. Baridi ya mwezi wa saba nawawekea maranda na majani makavu hadi wanazama, wanakoroma kama wazee wa baraza. Kikohozi kingi, wadogo zangu, ni sakafu yenye maji na upepo wa chini ya mlango.

Lakini sitawadanganya. Sisemi nguruwe wangu ni malaika. Majike hawa niliwanunua kwa watu, na walikuja na historia yao puani. Mtu akikuambia "wa asili" muulize wametoka kwa nani, wanakula mabaki ya nani, na maji yanatoka wapi. Neno "asili" halizibi mteremko.

Nina raha. Jioni Imelda anasimama kwenye mbao anawaita kwa majina aliyowapa, na majike wanamjibu. Sijutii ile ndoo ya machicha, ingawa machicha yalikuwa mazuri.

Ila ndoo haikutosha, hilo ndilo nililotaka mlijue kuliko ujanja wote wa mkia na kona. Ukikasirika ukaondoka, unga unabaki. Kwa hiyo wiki ileile nilimbeba mwanangu mgongoni, nikaenda ofisi ya kata.

Afisa mifugo alikuwa peke yake. "Mama Imelda, karibu. Baba Festo alikuwa hapa jana kulalamikia viatu."

"Mimi nimekuja kulalamikia nguruwe."

"Haya hamwezi kuyamaliza kwa mazungumzo? Ni mzee wetu."

"Tumezungumza mifuko mitatu. Nipe karatasi."

Niliandika kwenye benchi, Imelda akivuta kalamu. Afisa akasoma, akakuna kichwa. "Hapa umeandika 'uongo'. Tuweke 'upotoshaji', inapendeza."

"Haipendezi. Ni uongo."

Akanitazama, akamtazama mtoto. Akagonga muhuri, akanipa nakala. Hii hapa, neno kwa neno:

"Mimi, mhudumu wa zamani wa nguruwe katika banda la Baba Festo lililoko mteremkoni katika kata hii, nalalamika. Mwenye banda anawachanganyia nguruwe wa vyumba vya juu dawa ya unga kila siku, wazima kwa wagonjwa, bila mtaalamu wa mifugo. Ameelezwa madhara yake mbele yangu na ameahidi kuacha, hakuacha. Nguruwe wa vyumba vya chini anawauza kama nguruwe wasioguswa na dawa. Huo ni uongo, kwa sababu walilishwa mabaki ya wa juu kwa muda mrefu, na hadi leo maji machafu ya juu yanapita kwao. Wanunuzi hawajaambiwa. Pia alinipa dawa hiyo nimpe mtoto wangu mdogo kwenye uji.

Naomba ofisi ifike banda lile ikague. Dawa apewe nguruwe anayeumwa, kwa maelekezo ya mtaalamu, basi. Mfereji uchimbwe, wanunuzi waambiwe ukweli, na wahudumu wapate maji na sabuni ya kuoga kabla ya kurudi kwa watoto wao.

Mwanangu aliugua majipu yaliyokataa dawa ya ukoo huo. Hospitali haikusema kidudu kilitoka bandani, na mimi sisemi hivyo. Amepona kwa dawa nyingine. Nilimuuliza daktari, hii nayo ikizoeleka tutatumia ipi. Akasema zipo, ila si nyingi.

Naomba hizo chache zisimalizwe na nguruwe."